Kigugumizi Kinapojificha Jukwaani

Jioni ya Septemba 3, 1939, saa chache baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, Mfalme George VI alihutubia kwa redio. Wasikilizaji walimsikia mtu anayesema taratibu, kwa vituo. Hawakumwona Lionel Logue, mtaalamu wa matamshi kutoka Australia, aliyekuwa naye chumbani, wala karatasi ya hotuba iliyotiwa alama za mahali pa kuvuta pumzi.

Kigugumizi, kama alichokuwa nacho mfalme huyo, huwapata watoto takriban 5 katika kila 100. Wengi hupona, na ukubwani hubaki kwa mtu kama 1 katika 100. Si woga wala uhaba wa akili. Neno mtu analijua. Kinacholegalega ni mitambo ya ubongo inayoipangia misuli ya ulimi, midomo na koo wakati wa kuanza. Ndiyo maana mwenye kigugumizi mara nyingi huimba bila kukwama, au husoma vizuri akisoma pamoja na wenzake: mapigo ya wimbo na sauti za wengine humpa wakati ambao ubongo wake unashindwa kuupanga.

Hotuba nayo ina msaada wake. Maneno yanajulikana, yamerudiwa mara nyingi, na hakuna wa kumkatiza msemaji. Mwigizaji James Earl Jones, aliyekaa miaka kama minane ya utotoni karibu bila kuzungumza, aligundua shuleni kwamba shairi alilolikariri linatoka bila kizuizi. Sauti hiyohiyo ndiyo ambayo dunia iliisikia kwa Darth Vader, mhusika wa filamu. Joe Biden, rais wa zamani wa Marekani, naye amesimulia alivyokariri mashairi mbele ya kioo.

Kuna pia ufundi usioonekana kabisa: kukwepa. Msemaji anahisi “barua” itamkwamisha, anasema “waraka”. Sisi tunasikia ufasaha. Yeye amekwisha kuruka mashimo matatu katika sentensi moja, na amechoka.

Kwa hiyo anayetiririka jukwaani anaweza kukwama dakika tano baadaye, akijibu swali la mwandishi wa habari. Hajaigiza popote. Wengi wenye kigugumizi husema neno gumu kuliko yote ni jina lao wenyewe, kwa kuwa halina kisawe cha kukimbilia. Ukimuuliza mtu kama huyo jina, usimmalizie. Ngoja alitaje mwenyewe.