Kabla hujakopa ununue PS5 ya banda la gemu, soma hapa

Kuna dogo kaniuliza swali ambalo na mimi niliwahi kujiuliza, nikajijibu vibaya, likanitoa hela. Ana banda la gemu, PS4 mbili, anataka kuchukua mkopo wa kikundi aongeze PS5 kwa sababu wateja wanataka picha kali. Nimemwambia asisaini kitu kwanza.

Tuanze na mashine zenyewe. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994. PS2 ikaja 2000, PS3 2006, PS4 2013, PS5 Novemba 2020. Kila moja ina memori, yaani sehemu mashine inapoweka vitu inavyovitumia muda huo: uwanja, wachezaji, nyasi, mashabiki. Sasa angalia namba. Memori kuu ya PS1 ilikuwa MB 2. PS2 ikawa na MB 32. PS3 ilikuwa nayo vipande viwili vya MB 256, jumla 512. PS4 ikaja na GB 8. Kila hatua hapo ni kama mara 16, piga hesabu mwenyewe. Halafu PS5 ina GB 16. Mara 2 tu!

Na hata hiyo nguvu inayoongezeka, jicho haliioni yote. Vitu vya kwenye gemu vimejengwa kwa vipembetatu vidogo vidogo vilivyounganishwa. Mchezaji wa PS1 alikuwa na vichache, ndio maana mikono yake ilikuwa kama vipande vya mbao na uso kama umechorwa kwenye boksi. Ukivizidisha mara kumi unapata mtu. Ukizidisha tena mara kumi unamtambua ni nani. Ukizidisha tena, umepata kope za macho na jasho shingoni, na hapo lazima usogee karibu na TV ndio uone. Ni kama sukari kwenye chai. Kijiko cha kwanza unakisikia, cha sita hukisikii ila kopo limeisha.

TV nayo ina mambo yake. Picha ya 1080p ambayo PS4 inatoa ina nukta kama milioni 2. Picha ya 4K ambayo PS5 inaweza kutoa ina kama milioni 8. Lakini flati yangu ya inchi 32 ina nukta kama milioni 1 basi. Ukichomeka PS5 pale, picha inapunguzwa iingie kwenye hiyo milioni moja. Umenunua ndoo kubwa ya kuchotea maji halafu unajaza kikombe.

Hayo yote sikuyajua 2023 nilipokopa. Nikaweka PS5, mechi 1,000, PS4 nikaziacha 500. Wiki ya kwanza foleni mpaka nje. Wiki ya tatu madogo wamejazana kwenye PS4, PS5 inapigwa na feni. Nikamuuliza mmoja, akanijibu mbona ni ile ile tu. Na kwa mpira hakukosea sana, maana FIFA kwenye PS4 tayari ilikuwa inaenda picha 60 kwa sekunde, ulaini wa mchezo walikuwa nao tayari. Nikashusha hadi 700, mwisho 500. Sasa mashine iliyonigharimu zaidi ya PS4 mbili za mtumba inaingiza sawa na PS4 moja, inakula luku zaidi, na marejesho kila Jumatatu yako pale pale. Niliiuza kwa hasara ya laki tatu.

Sisemi PS5 ni mbaya. Gemu linafunguka haraka sana, na kwenye banda kila dakika mteja anayosubiri ni hela yako. Mwenye TV kubwa ya 4K na wateja wanaolipia saa nzima inaweza kumlipa. Mimi sikuwa huyo.

Tena hii ya kuwa picha sio kila kitu hata wakubwa imewapata. 2006 Nintendo walitoa Wii, mashine dhaifu, haina hata picha ya HD. Washindani wake PS3 na Xbox 360 walikuwa nayo. Wii iliuza zaidi ya milioni 100, wale wawili kila mmoja hakufika milioni 90. Watu walipenda ile pedi unayoitikisa hewani, unacheza tenisi na bibi yako.

Sasa utajuaje PS4 imefikia mwisho? Usiangalie picha, angalia gemu jipya la mpira bado linatoka kwa mashine hiyo au la. Mteja anataka usajili mpya na jezi mpya. PS2 ilipata FIFA hadi FIFA 14, miaka 7 baada ya PS3 kutoka. PS3 ilipata hadi FIFA 19. Na FC 26 iliyotoka 2025 imekuja na ya PS4. Siku ikitoka ya PS5 peke yake, hapo ndio uanze kupanga mtaji.

Kwa anayefungua sasa hivi: PS4 ina HDMI tu, kwa hiyo TV ya chogo haitakusaidia. CD zako za PS2 na PS3 pia haisomi, usidanganywe. Ukihamia PS5 baadaye gemu karibu zote za PS4 zinacheza, ila hakikisha umenunua yenye sehemu ya CD, kuna nyingine haina.

Dogo nilienda kuangalia banda lake. Pedi mbili zinajiendea zenyewe, mchezaji anakimbia kushoto hujamgusa, na TV moja inachelewa, unabonyeza shuti linatoka baadaye. Hiyo TV tulienda kwenye mipangilio tukaweka ya gemu, ikakaa sawa, bure. Pedi atanunua mbili mwezi huu kwa hela ya mauzo. Fomu ya mkopo ameirudisha kwa mwenyekiti wa kikundi.