Maoni chini ya video za kilimo: yapi ya kusikiliza, yapi ya kuacha

MKULIMA wa pamba wa Bariadi anayetafuta dawa ya viwavi siku hizi si lazima amsubiri bwana shamba afike kijijini. Anafungua simu, anaangalia video, kisha anateremka chini kusoma watazamaji wenzake wamesema nini. Wapo wanaoamua hapo hapo kununua au kuacha. Je, maneno hayo yana uzito gani?

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa zaidi kwa pamba nchini, na pamba hupandwa mara moja tu kwa mwaka. Anayenyunyizia dawa isiyofaa hapotezi bei ya chupa peke yake. Anapoteza pia siku ambazo funza wa vitumba wanaendelea kula, na siku hizo hakuna wa kumrudishia.

Sifa si ushahidi

Tuseme chini ya video moja wameandika watu wawili. Wa kwanza anasema: “Dawa hii ni kiboko, Mungu awabariki.” Wa pili anasema: “Nilipiga Januari, shamba la mbuga, pamba ina wiki sita. Viwavi wadogo walikufa, wakubwa hawakufa.”

Maneno ya kwanza yanafurahisha, lakini ya pili ndiyo yanayofundisha. Yanataja ardhi, mwezi, umri wa mmea na matokeo, hata yale mabaya. Mkulima anaweza kuyalinganisha na shamba lake.

Mahali lazima pajulikane. Anayeandika kutoka Kitale, Kenya, hupanda mahindi mvua za Machi na Aprili zinapoanza. Pamba ya Bariadi huingia ardhini kuanzia katikati ya Novemba. Hata ndani ya Simiyu, luseni hukauka upesi, wakati mbuga hushika maji na ndiyo hupandwa dengu mvua zinapoelekea kwisha. Maoni yasiyotaja mahali wala msimu ni kama chupa ya dawa isiyo na kipimo.

Wanaonyamaza

Wanaoandika ni wachache kati ya wote wanaotazama. Aliyepata hasara anaweza kunyamaza kwa aibu, au hana bando la kurudi kulalamika. Tena mwenye video anaweza kufuta maoni asiyoyapenda, kuyazuia yasionekane, au kuyaweka juu kabisa yale yanayomsifu. Tangu Novemba 2021, YouTube haionyeshi hadharani idadi ya watu wasiopenda video. Kwa hiyo ukikuta sifa tupu, bila swali wala lalamiko, usikimbilie kuamini. Panga maoni uanze na mapya, usome na yale ya chini.

Sifa za kununuliwa nazo zipo. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku ushuhuda wa uongo unaotumika kuuza bidhaa. Kwetu, jihadhari na anayeacha namba ya simu na kutaka utangulize fedha. Ujumbe wa matapeli hutumwa kwenda namba 15040.

Faida kwa mwenye biashara

Kwa anayeuza, swali moja lina faida kuliko sifa mia. Mfanyabiashara wa mchele anayeweka video yake, akiulizwa mara tano gunia lina kilo ngapi na kama mzigo unafika Lamadi, amejulishwa bure alichosahau kusema na soko lilipo.

Shirika la Digital Green, lililoanza India mwaka 2006, lilifanya jambo hilo kuwa utaratibu. Video zilionyeshwa kwa vikundi vijijini, maswali ya wakulima yakaandikwa, kisha ikafuatiliwa nani ametekeleza alichokiona. Tukichukua mfano wa kwetu, video inaweza kushauri pamba ipandwe kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30. Watu wakiuliza kama jembe la ng'ombe la palizi litapita bila kuvunja miche, mtengenezaji ajue kwamba somo lake halijakamilika.

Kabla ya kutoa fedha

Maoni mazuri yakuelekeze pa kuulizia, yasikuamulie. Kama ni dawa, hakikisha imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kama ni mbegu, tazama lebo ya TOSCI. Kwa ushauri wa pamba kuna afisa ugani wako na watafiti wa TARI Ukiriguru, Mwanza. Viwanja vya Nyakabindi, vilivyopokea Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, vilijengwa ili mkulima aone kipando kwa macho na kumuuliza aliyekipanda. Ukiridhika, jaribu mistari michache kwanza, uache mingine bila dawa hiyo, ulinganishe.

Msimu ukiisha na pamba yako ikapimwa AMCOS, rudi kwenye video ile uandike: ulipanda wapi, lini, ulitumia kiasi gani, ukapata kilo ngapi kwa ekari. Kama ulipata hasara, sema vilevile. Mkulima wa Maswa au Meatu atakayesoma Novemba ijayo atakuwa na cha kupimia.