Nyama iko tayari, pesa zimeenda wapi?

Jumamosi moja ya Februari tulienda tamasha la nyama choma hapa Nairobi, upande wa Lang'ata. Si unajua jua la Februari? Tulipofika saa saba mchana, kila mti ulikuwa umeshapata wenyewe. Moshi wa makaa umetanda uwanja mzima, mbavu za mbuzi zinageuzwa, mutura inakatwa kwenye ubao, kachumbari iko kando. Tulikuwa wanne, na njaa ya watu kumi.

Tukapimiwa kilo moja na nusu ya mbuzi. Shilingi 1,800. Mama mwenye jiko hakuwa na namba ya Till. Namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa kwa makaa kwenye kipande cha katoni.

Mwenzetu mmoja akatoa simu. Jua lilikuwa linapiga skrini moja kwa moja, na simu ikipata joto sana hupunguza mwanga yenyewe. Akawa anaona nusu nusu. Nyuma foleni inasukuma: "Haraka basi, nyama inapoa!" Akaandika namba, akaweka PIN, akatuma.

"Mama, nimetuma. Ona meseji."

Mama hakuangalia simu ya mwenzetu. Aliangalia yake. "Pole kastoma, hapa bado."

Tukangoja, tukilaumu mtandao. Dakika kumi zikapita. Ndipo mmoja wetu akaipeleka simu kivulini na kuisoma ile meseji vizuri. Jina halikuwa la mama. Ile 7 ya makaa tulikuwa tumeisoma 1. Ni sisi hao hao ambao kila siku tunawaambia msome jina kabla ya kukubali!

Tulimwomba mama atupe nyama kwanza, mengine tutayamaliza baadaye. Akakataa kwa upole. "Mwezi jana nilionyeshwa meseji kama hiyo, nikatoa mguu mzima wa mbuzi. Kumbe ni feki. Na nyama nilikuwa nimeichukua kwa deni."

Hatukuwa na la kusema. Tukalipa tena, safari hii tukiwa kivulini. "Mama, jina lako kwa simu ni gani?" Akataja, tukalinganisha, tukatuma. Simu yake ikalia. Nyama ikaja.

Ukituma kwa mtu usiyemkusudia

Usikae ukijilaumu, wala usimalize kula kwanza. Kwa M-Pesa, tuma ujumbe wote wa muamala, vile ulivyo, kwa namba 456 na uombe pesa zirudishwe. Ukitumia huduma nyingine, piga simu ya huduma kwa wateja ya mtandao wako. Haraka ni muhimu kwa sababu pesa zikiwa bado kwa akaunti ya mpokeaji, kuna matumaini. Akishazitoa au kuzitumia, kazi inakuwa ngumu. Za kwetu zilirudi kesho yake. Aliyezipokea hakuwa amezigusa, na tunamshukuru.

Ukipokea pesa zisizo zako

Usizitumie. Na mtu akikupigia akisema, "Nimekutumia kimakosa, nirudishie," usimtumie chochote kabla hujaangalia salio lako. Mara nyingi hakuna pesa zilizoingia. Ni meseji tu ya uongo. Hata kama zimeingia kweli, mwambie aombe zirudishwe kupitia mtandao wake. Ukimtumia mwenyewe, halafu naye aombe zirudishwe, unaweza kujikuta umelipa mara mbili.

Kama wewe ndiye unauza

Fanya kama yule mama. Meseji kwa simu ya mteja si malipo. Malipo ni salio lako likiongezeka, kwa simu yako. Kama una namba ya Till, iandike kubwa, kwa wino unaosomeka, na uweke jina la biashara chini yake. Kila asubuhi hakikisha hakuna mtu amebandika namba yake juu ya yako. Kwa mteja wa M-Pesa pia ni nafuu: akilipa kwa Till ya kununua bidhaa, hakatwi ada.

Siku ya tamasha

Kabla ya kuondoka nyumbani, jaza chaji. Ukifika, weka simu mfukoni au kwa mkoba, si juu ya meza ya jua karibu na jiko. Ukitaka kulipa, tafuta kivuli, muulize muuzaji jina litakalotokea, kisha ulisome mwenyewe kabla ya kukubali. Foleni ikikusukuma, waambie wangoje. Nyama iliyopoa hurudishwa jikoni ikapashwa. Shilingi 1,800 zikienda kwa mtu usiyemjua, huna uhakika wa kuziona tena.