Kairo na Yafa katika Tao la Paris

Apandaye barabara ya Champs-Élysées jijini Paris huliona tangu mbali: Tao la Ushindi, lenye kimo cha takriban meta 50, limesimama pekee katikati ya uwanja wa mviringo zinapokutana barabara 12. Napoleon aliamuru lijengwe mwaka 1806, baada ya kushinda vita vya Austerlitz. Hakuliona limekamilika. Lilimalizika mwaka 1836, naye amekwisha kufa miaka 15 nyuma. Jeneza lake ndilo lililopitishwa chini yake, Disemba 1840.

Wageni wengi hupiga picha wakaenda zao. Muislamu akiinua macho kwenye kuta za ndani atakuta majina anayoyajua. Miongoni mwa vita vilivyochongwa humo vimo Kairo, Yafa na Abukir.

Watu wa Kairo walipoinuka dhidi ya jeshi la Ufaransa, Oktoba 1798, mizinga ilielekezwa Al-Azhar, kisha askari wakaingia msikitini na farasi wao. Mwanahistoria Abd al-Rahman al-Jabarti, aliyeishi mjini humo, aliyaandika hayo. Huko Yafa, Machi 1799, maelfu ya mateka waliokwisha kuweka silaha chini waliuawa ufukweni kwa amri ya Napoleon mwenyewe. Ushindi gani huo wa kuchongewa jiwe?

Abukir ndiko kwenye kichekesho. Jiwe linakumbuka vita vya nchi kavu vya Julai 1799, walivyoshinda Wafaransa. Limenyamazia Agosti 1798, Nelson wa Uingereza alipoiangamiza merikebu baada ya merikebu ya Napoleon katika ghuba hiyo hiyo. Wala halisemi kwamba mwaka 1801 jeshi hilo liliondoka Misri limeshindwa.

Mzazi mwenye picha ya tao hili kitabuni na amsimulie mwanawe pande zote mbili.

Chini ya tao, tangu mwaka 1921, amezikwa askari asiyejulikana jina, aliyekufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwenge wa kaburi lake huhuishwa kila jioni. Katika vita hivyo walikufa pia maelfu ya Waislamu wa Algeria, Moroko, Tunisia na Senegal, chini ya bendera ya Ufaransa. Kumbukumbu yao iko ng'ambo ya mto Seine: Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, wenye mnara wa meta 33.