Bastola Haipiti KIA

Kila mwaka, masika yanapoelekea kukatika, barua za wageni huanza kumiminika katika ofisi yetu ya Arusha, tunakoandaa safari za uwindaji wa kitalii. Nyingi huuliza bei, malaria na hali ya barabara. Lakini haikosekani barua moja, mara nyingi kutoka Marekani, ya mtu anayetaka kumwangusha nyati kwa bastola, naye anaomba aelezwe ajipange vipi. Vijana wa ofisini hushangaa. Mimi sishangai. Nimezaliwa Hanang, upande wa Basotu, na kabla ya kukaa mezani na makaratasi nilifuata nyayo za wanyama kwa mguu. Najua anachokitafuta mtu huyu.

Uwindaji wa bastola umekulia Marekani. Mwishoni mwa 1955 kampuni za Smith & Wesson na Remington zilitoa risasi ya .44 Magnum, na Elmer Keith, mwandishi wa Idaho aliyekuwa amezipigia debe risasi nzito za bastola kwa miaka mingi, akapata ushahidi aliokuwa akiusubiri. Mwaka 1967 ikaja Contender ya Thompson/Center, bastola ya risasi moja inayokunjuka katikati, ambayo mwenyewe anaweza kuibadilisha mtutu. Freedom Arms ya Wyoming ikafuata mwaka 1983 na rivolva ya .454 Casull, na 2003 Smith & Wesson ikatoa .500, rivolva nzito isiyoshikika kwa mkono mmoja. Wako Wamarekani waliokuja Afrika na silaha za namna hiyo na kuua hadi tembo.

Wanaowinda hivyo wanaujua vizuri udhaifu wa silaha yao. Mwenye bunduki ya mtutu mrefu na darubini anaweza kumpiga pofu akiwa umbali wa mita 200. Mwenye rivolva hana budi kusogea mpaka mita 40, au 30, au pungufu ya hapo. Akifika hapo anasikia mnyama akitafuna, na upepo ukigeuka kidogo tu, kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Amejinyima umbali kwa hiari yake, na hilo namheshimu.

Kwetu jambo hili si geni hata kidogo. Wabarabaig wa Hanang walimkabili simba kwa mkuki, na kijana aliyemuua alikusanyiwa ng'ombe na jamaa zake na kusifiwa kama shujaa. George Klima, mwanaanthropolojia aliyeishi nao miaka ya 1950, ameyaandika hayo kwa urefu. Ukivuka kuingia Mbulu na kushuka bonde la Yaeda, unawakuta Wahadzabe, watu zaidi kidogo ya elfu moja, ambao baadhi yao mpaka leo wanaishi kwa upinde, asali, mizizi na matunda ya mbuyu.

Mshale wao wa wanyama wakubwa nimewahi kuushika. Kichwa ni cha chuma, mara nyingi msumari uliopondwa hadi ukawa bapa. Unyoya wa nyuma ni wa ndege na umefungwa kwa ukano. Chini ya kichwa umepakwa sumu nyeusi, nzito kama lami, inayochemshwa kutokana na waridi la jangwani, mti wanaouita panjube. Ipo nyingine inayotokana na mbegu za shanjo. Juu ya sumu huzungushwa kipande chembamba cha ngozi ili isikauke na isimguse mwenyewe bila kukusudia. Mwindaji husogea hadi hatua 30 hivi, huachia, kisha hamkimbizi mnyama. Huangalia ameelekea wapi, huokota mti wa mshale kama umeanguka, hurudi kambini kuwaita wenzake, ndipo wakafuata nyayo. Subira hiyo ndiyo uwindaji. Mgeni wangu wa rivolva angeielewa bila mkalimani.

Hata hivyo jibu ninalompa ni hapana. Tanzania hairuhusu bastola kwa uwindaji, na haiwezi kuingia nchini kwa kisingizio hicho. Bunduki zinazojipakia zenyewe nazo haziruhusiwi. Kwa wanyama wakali kama nyati, simba na tembo, risasi ndogo kabisa inayokubalika ni .375. Huwa namshauri mgeni asipoteze muda kumtafuta mtu wa kumfanyia mpango wa pembeni, maana akikamatwa na silaha ambayo haimo kwenye kibali, suala linahama kabisa kutoka kwenye utalii na kuwa kesi ya jinai.

Wengine hulalamika kwamba sheria hii ni ya ubabe tu. Mimi naiunga mkono, na sababu yangu ni yule mnyama. Nyati dume mzima ana uzito wa kilo 600 hadi 800. Risasi ya .375 H&H, iliyoanza kutumika mwaka 1912, hutoka mtutuni na nguvu zaidi ya mara nne ya ile ya .44 Magnum. Rivolva kubwa za leo zimepunguza pengo hilo, lakini zinadai mkono wa mtu aliyefyatua maelfu ya risasi, naye akiwa chini ya mita 40 kutoka kwa nyati, moyo ukimwenda mbio. Akikosea kidogo, nyati huingia vichakani na jeraha. Mgeni hatakuwa wa kwanza kuingia humo kumtafuta. Atatangulia mfuata nyayo, kijana wa Simanjiro au wa Kiteto mwenye watoto nyumbani, anayesoma tone la damu kwenye jani huku mgongoni mwake kuna watu wenye hofu na bunduki. Nimetangulia hivyo mwenyewe. Sitaki mtu aingizwe humo kwa sababu ya mchezo wa silaha.

Anayekubali kuja na bunduki halali, tunaanza naye walau mwaka mmoja kabla. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 ndiyo msingi, na TAWA, mamlaka iliyoanza kazi Julai 2016, ndiyo inayosimamia uwindaji katika mapori ya akiba na mapori tengefu. Mgeni hawezi kuja kuwinda peke yake. Lazima awe chini ya kampuni yenye kitalu, aongozwe na mwindaji bingwa mwenye leseni, na afuatane na askari wa wanyamapori anayeandika kila mnyama aliyepigwa, hata aliyejeruhiwa akapotea. Huyo naye hulipiwa. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai. Urefu wa safari ndio unaoamua orodha ya wanyama: anayetaka simba hulipia siku 21, na simba mwenyewe lazima awe dume aliyefikisha miaka sita. Kumkadiria miaka simba aliyelala kivulini, kwa kuangalia pua, manyoya ya shingo na makovu, ni ujuzi mkubwa kuliko kulenga shabaha. Hapigwi mnyama kutoka kwenye gari, wala usiku, wala akiwa amefuata maji kisimani.

Silaha ina safari yake yenyewe. Namba ya kila bunduki hutumwa mapema ili polisi watoe kibali. Mmarekani mwenyewe huiandikisha forodhani kwa fomu 4457 kabla ya kuondoka, asije akaulizwa wakati wa kurudi ameinunua wapi. Kwenye ndege hukaa ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, risasi zikiwa kando, na mashirika mengi hayapokei zaidi ya kilo 5 za risasi kwa abiria mmoja. Akipitia Amsterdam, Uholanzi nayo inataka kibali cha kupitisha. Kisha ni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Sanduku hufunguliwa juu ya meza, askari anaitoa bunduki, anaigeuza kwenye mwanga, anaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, na mwenzake anaifuata kwa kalamu kwenye karatasi. Nimeona tarakimu moja iliyoandikwa vibaya huko ng'ambo ikimlaza mgeni Kilimanjaro usiku mzima huku kambi yote ikimsubiri. Ndiyo maana huwaomba wanitumie picha ya namba yenyewe kwenye chuma. Namba waliyoichapa wao siitegemei.

Asiyeweza kuiacha rivolva yake namwelekeza Afrika Kusini. Huko polisi hutoa kibali cha muda kwa fomu SAPS 520, mradi bastola iwe ya kuwindia na si ya kujilinda, na kila jimbo lina masharti yake juu ya mnyama na silaha. Lakini tofauti kubwa iko kwenye ardhi. Kule mkulima aliyezungushia shamba lake uzio unaofaa anaweza kuwamiliki wanyama waliomo. Mgeni hukubaliana na mtu mmoja mwenye lango na ufunguo. Kwetu wanyamapori ni mali ya umma. Hawana uzio, na wanatembea katika ardhi ambako watu wanaishi, wanachunga na kurina asali.

Hapa ndipo mipango mingi ya ng'ambo inapokosewa, na sisi wa Manyara tunao mfano wetu. Mwaka 2007 kampuni iliyohusishwa na familia ya kifalme ya Abu Dhabi ilitaka bonde la Yaeda liwe uwanja wake wa kuwindia. Ahadi zilitolewa: barabara, shule, zahanati. Wahadzabe walikataa. Waliona kilicho wazi, kwamba mgeni akipewa haki ya wanyama wa bonde hilo, yule anayemhitaji mnyama huyohuyo kwa chakula cha jioni atageuzwa jangili kwenye ardhi ya babu zake. Msemaji wao alikamatwa, habari zikafika katika magazeti ya nje, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikajitoa.

Kilichofuata kinastahili kujulikana zaidi. Oktoba 2011, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe wa Yaeda walipewa hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hatimiliki hizo kwa kawaida hutolewa kwa mtu au familia. Safari hii ilitolewa kwa jamii nzima inayoishi kwa kuwinda. Siku hizi wanalipwa kwa kuutunza msitu kupitia biashara ya hewa ukaa inayoendeshwa na Carbon Tanzania, na vijana wao ndio wanaotembea kwenye mipaka kuangalia nani anafyeka na nani anaingiza mifugo. Mwaka 2019 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Siupingi uwindaji wa kitalii. Umenilisha, umesomesha wanangu, na najua mapori ambayo yangekuwa mashamba ya ufuta kama si ada za wawindaji. Kule Makame, Kiteto, wanavijiji wametenga ardhi yao kuwa hifadhi ya wanyamapori ya jamii na kuingia mkataba na mwindaji kwa ridhaa yao. Kwa hiyo mgeni anapouliza kama kuna nyati wakubwa, mimi namtumia kwanza ramani ya kitalu pamoja na majina ya vijiji vinavyopakana nacho. Ninataka ajue anaingia kwa nani kabla hajachagua risasi.

Baadhi yao, wakishaelewa kwamba rivolva haitapita, huomba angalau siku mbili za Yaeda kabla ya kupanda ndege, wakaone watu wanaosogea karibu kuliko wao. Hilo linapangika. Sharti la kwanza ni kutobeba silaha ya aina yoyote, na hata upinde wa kuazima hatumpi mgeni, maana ruhusa ya kuwinda pale ni ya Wahadzabe na si ya mgeni wao. Avae nguo za rangi ya vumbi na asijipake manukato. Aamke saa kumi na moja alfajiri, abebe maji yake mwenyewe, atembee nyuma ya mtu wa mwisho. Malipo yapite serikali ya kijiji, naye apewe risiti.