Kibali cha Biashara Si Ruhusa ya Kukupeleka Ng'ambo

Dereva wa lori anayetafuta kazi katika nchi za Ghuba huingia ofisi ya wakala, akaona kibali cha biashara cha kaunti ukutani, akaamini mambo ni sawa. Kibali hicho huonyesha tu kwamba mwenye ofisi amelipia ada ya kufanya biashara hapa. Hakimruhusu kutafutia watu kazi ng'ambo.

Mawakala wa ajira husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), shirika la serikali ya kitaifa. Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuta jina la kampuni katika orodha iliyo kwenye tovuti ya NEA. Hakikisha jina linafanana kabisa na lile la kwenye risiti, na kwamba muda wa usajili haujaisha.

Hatua ya pili ni mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uidhinishwe na afisa wa leba, baada ya kuridhika kwamba umekubali bila kudanganywa wala kulazimishwa, na umeelewa masharti. Soma mshahara, saa za kazi na aina ya gari. Uliza pia nani atagharamia leseni ya huko na nauli ya kurudi.

Wakala akikuharakisha ulipe leo kabla nafasi hazijaisha, pitia kwanza ofisi ya leba iliyo karibu nawe. Ukiwa tayari umetapeliwa, piga ripoti polisi ukiwa na risiti na jumbe zote.