Taulo Nyuma ya Mlango

Shangazi yangu wa Tanga hapendi kuulizwa maswali na mtu aliyeshika karatasi. Siku nilipomwendea na dodoso langu la kwanza kuhusu mataulo alinikaribisha uani, akanisogezea kigoda, yeye akaendelea kuchambua mchele. Nikamsomea swali la kwanza kama nilivyoliandika: "Je, huwa unafua taulo lako mara ngapi kwa mwezi?"

Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Kila Ijumaa," akasema. Kisha, baada ya kitambo: "Kwani umesikia nini huko kwa watu?"

Nilikuwa na maswali mengine kumi na tisa. Niliyasoma yote kwa sababu ya adabu tu, maana kuanzia pale nilichokuwa nakusanya ni majibu ya mtu anayejitetea.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Nilitaka kuonyesha jinsi dodoso linavyoweza kumsaidia mbunifu kutengeneza taulo la kuogea lililo safi zaidi kiafya, nikachagua taulo kwa kuwa kila mtu analo na hakuna anayelifikiria. Tunalishika tukiwa ndiyo kwanza tumetoka kuoga, saa ambayo mwili ni msafi kuliko saa zote, kwa hiyo tunaona halina kinachoweza kulichafua. Lakini sabuni haimalizi kila kitu. Tunapojifuta, ngozi iliyokufa, mafuta ya mwili na vijidudu vinahamia kwenye kitambaa pamoja na maji. Humo vijidudu vinakuta unyevu, uvuguvugu na chakula. Likitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa bafu lisilo na dirisha, kesho yake asubuhi bado lina ubaridi wa maji, na siku ya nne linaanza ile harufu ya uvundo ambayo sote tunaijua na wote tunadhani ni ya nyumba ya jirani.

Kosa liko kwenye ufumaji. Taulo la vitanzi, lile lenye manyoya pande zote, asili yake ni Bursa, Uturuki. Mwingereza Henry Christy aliliona huko safarini, na kampuni ya familia yake ikalifuma kwa mashine na kulionyesha kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851. Kila kitanzi kinaongeza uso wa kunyonya maji, na maji yaliyonyonywa yanabaki humo humo. Wenye viwanda hupima uzito wa taulo kwa gramu kwa kila mita ya mraba: jepesi huwa na 300 hadi 400, la hoteli ya kifahari hupita 600. Lile zito ndilo tunalolisifu dukani kwa kulibonyeza kwa vidole, na ndilo linalochelewa kukauka.

Maabara imeshasema ya kutosha kuhusu vitambaa vyenye unyevu. Charles Gerba wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walikusanya mataulo 82 ya jikoni kutoka miji mitano ya Marekani na Kanada, na matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha bakteria wa jamii ya kolifomu kwenye asilimia 89 ya mataulo hayo, na E. koli kwenye takriban robo yake. Hayo ni ya jikoni, ambako kuna nyama mbichi na mikono ya haraka. La bafuni lina maisha yake mengine. Hata hivyo hadubini haiwezi kukwambia taulo lilishinda wapi kabla ya kufika maabara, nani mwingine alijifuta nalo, wala kwa nini halikuanikwa juani. Hayo yanajulikana kwa kuwauliza watu. Na ukiwauliza watu habari za usafi, unawagusa heshima yao.

Wamarekani walilipima jambo hili kwa namna ninayoipenda sana. Mwaka 2007, katika utafiti uliofanywa kwa ajili ya Chama cha Mikrobiolojia cha nchi hiyo na chama cha watengeneza sabuni, asilimia 92 ya watu wazima waliohojiwa kwa simu walisema hunawa mikono kila wanapotoka kwenye choo cha umma. Watafiti wengine walikuwa wamesimama kwenye vyoo vya umma katika miji mikubwa, wakijifanya wanachana nywele au kujipodoa, wakihesabu. Walionawa walikuwa asilimia 77. Mwaka 2010 wakarudia: waliosema wananawa walikuwa asilimia 96, walioonekana wakinawa 85. Tabia ilikuwa imepanda, na maneno yakapanda nayo, yakabaki mbele.

Wataalamu wanaiita hali hiyo hamu ya kuonekana mwema. Shangazi hakuwa mwongo. Swali langu lilimwambia kwamba mtu msafi ana idadi fulani kichwani, naye akatafuta idadi inayofaa. "Kila Ijumaa" ni jibu zuri: linasikika kama ratiba, tena la siku ya watu kuoga na kuvaa vizuri.

Nikadhani dawa ni kumwondolea mzigo wa kutaja idadi kwa kumpa orodha achague. Dawa hiyo nayo ina sumu yake. Mwaka 1985 Norbert Schwarz na wenzake nchini Ujerumani waliuliza watu wanatazama televisheni kwa muda gani kwa siku. Kundi moja lilipewa orodha inayoanzia "hadi nusu saa" na kuishia "zaidi ya saa mbili na nusu". Kundi jingine orodha yake ilianzia "hadi saa mbili na nusu", ikapanda hadi zaidi ya saa nne na nusu. Katika kundi la kwanza, waliosema wanapita saa mbili na nusu walikuwa kama asilimia 16. Katika la pili, karibu 38. Televisheni ni ile ile. Watu waliisoma orodha kama kioo cha jamii: cha katikati ndicho cha kawaida, na mimi ni mtu wa kawaida. Ukiandika "kila siku, kila siku mbili, kila siku tatu, zaidi ya siku tatu", umeshamtangazia mhojiwa kwamba wiki nzima ni uchafu, na hakuna atakayekiri wiki.

Njia niliyoishia nayo ni ya kizamani kabisa: acha kuuliza "huwa", uliza mara ya mwisho. "Huwa" linaita picha ya mtu anavyotaka kujiona. "Mara ya mwisho" linaita tukio. Taulo lilifuliwa lini mara ya mwisho, na nani? Baada ya kujifuta leo uliliweka wapi? Ukilishika sasa hivi, ni kavu au lina unyevu? Maswali haya yanahusu kitambaa, na kitambaa hakina haya. Unaweza pia kumfungulia mtu mlango wa kukiri kwa kuanza na udhuru: "Maji yamekuwa ya shida mtaani, watu wengine wanashindwa kufua kwa wakati. Kwako wiki hii ilikuwaje?" Nilipomsomea hili jirani yangu, dereva wa bodaboda, alicheka kabla sijamaliza, akasema taulo lake lilifuliwa mara ya mwisho wakati mama yake alipokuja kumtembelea.

Njia ya pili ni kuomba kuonyeshwa. Tafiti kubwa za kitaifa za afya zinazofanyika Tanzania, Kenya na nchi nyingi nyingine hazimwamini mtu anaposema ananawa kwa sabuni. Mdodosaji anaomba aonyeshwe mahali ambapo watu wa nyumba hunawia mikono, kisha anaandika anachokiona: maji yapo, sabuni ipo, au hakuna. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, ambako ugonjwa wa macho wa trakoma umechunguzwa tangu miaka ya 1980, watafiti wa usafi wa uso waliangalia uso wenyewe wa mtoto, kama una matongotongo au kamasi. Na trakoma inatuhusu hapa, maana viini vyake husafiri kwa vidole, kwa nzi, na kwa kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto watatu mfululizo.

Basi nikarudi Tanga, safari hii bila karatasi mkononi. "Shikamoo shangazi. Naomba unionyeshe lile taulo tuliloliongelea."

"Marahaba." Akaingia ndani. Nikasikia kabati la chumbani likifunguliwa. Akatoka na taulo la rangi ya maziwa, limekunjwa mara nne, linanukia udi. Lilikuwa kavu kama karatasi. Halikuwa na hata uzi mmoja uliochomoka.

"Hili la wageni," akasema.

Na wewe je, shangazi? Akanitazama kama niliyeuliza jua linatokea wapi, akaonyesha kwa kidevu kamba ya nguo. Kanga mbili kuukuu zilikuwa zikipepea, tayari kavu, na ilikuwa bado saa nne asubuhi. Maswali ishirini yote alikuwa amenijibu kuhusu kitu ambacho hakijawahi kugusa mwili wake. Nilisema "taulo lako". Taulo lake lilikuwa kabatini.

Kosa kama hili halionekani kwenye majedwali. Ningeweza kuwahoji watu 385, idadi ambayo vitabu vya takwimu vinasema inatosha kukupa makadirio yenye kosa la asilimia tano juu au chini iwapo wamechaguliwa kwa bahati nasibu, na wote wangenijibu kuhusu taulo la kabatini. Wingi hautibu. Jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea kura za maoni zaidi ya milioni mbili mwaka 1936 na kumtabiria Landon ushindi wa urais. Mpinzani wake Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48.

Kwa hiyo swali la kwanza likawa jingine: mara ya mwisho ulipooga, ulijifuta kwa nini? Nililijaribu kwa kijana wa dukani. "Kwa sababu nilikuwa nimelowa," akajibu, akiwa na uso wa mtu anayemhurumia mwulizaji. Nikabadilisha: ulijifutia kitu gani? Neno "kuchangia" nalo lilinisumbua. Kuuliza kama watu wa nyumba moja wanachangia taulo kulileta jibu kutoka kwa mama mmoja kwamba hapana, walilinunua kwa fedha ya mume wake tu. Sasa ninataja majina ya wakazi wa nyumba mmoja mmoja na kuuliza kila mmoja leo alijifutia kipi. Inachosha, lakini kwenye kutumia taulo pamoja ndiko madhara yaliko. Mwaka 2003 wachezaji watano kati ya 58 wa timu ya kandanda ya Kimarekani ya St. Louis Rams walipata majipu ya bakteria sugu wa stafilokokasi, na wachunguzi walipokwenda kuangalia mazoezi waliona taulo moja likipita kwa wachezaji hadi watatu. Wanaume wenye mishahara ile, wenye madaktari wao! Ilibidi mtu asimame pembeni ya uwanja atazame.

Ukishajua kinachotendeka, unabaki na swali la nini kitengenezwe. Hapa ninamtegemea Mjapani Noriaki Kano, ambaye mwaka 1984 alichapisha mbinu ya kuuliza kila sifa mara mbili. Taulo likiwa na kitanzi cha kutundikia kila pembe, utajisikiaje? Na likiwa halina, utajisikiaje? Majibu ni matano, kuanzia "nitafurahi" hadi "sitapenda", katikati yake "ni lazima liwe hivyo", "sijali" na "nitavumilia". Mtu akifurahi likiwepo na kuvumilia lisipokuwepo, hicho ni kivutio. Akiona ni lazima liwepo na akachukia lisipokuwepo, hilo ni sharti, na hutasifiwa kwa kulitimiza. Unene wa taulo ndio unaoleta ugomvi: watu wanaufurahia mkononi, na wanaulaumu siku ya mvua. Dodoso la kawaida lingeuliza tu "unapenda taulo nene?" na kiwanda kingefuma blanketi.

Kutokana na mazungumzo yale machache, ambayo ni majaribio ya maswali tu na hayatoshi kumshauri mwenye kiwanda, nilimpelekea fundi cherehani taulo jepesi la gramu 350. Akashona vitanzi kwenye pembe zote nne ili litundikwe limetandazwa, lisikunjamane kwenye msumari mmoja. Upande mmoja akaweka pindo la kipande cha kanga nyekundu: huku ni uso, kule ni miguu. Vijana wa nyumbani waliupenda mpaka huo kuliko nilivyotarajia. Kila mmoja alikiri, bila kuulizwa, kwamba siku zote alijifuta uso kwa upande wowote uliokuja mkononi.

Nikampelekea shangazi la kwake. Aliligeuza, akavuta vitanzi kuona kama vimeshikwa vizuri, akalisogeza puani. Nikamweleza habari ya pindo jekundu na akatikisa kichwa kwa kukubali kila neno. Kisha akalikunja mara nne.

"Zuri sana hili, mwanangu," akasema, akielekea chumbani. Nikasikia kabati likifunguliwa.